Maneno Niliyomwandikia Baba Yako

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Fundi wangu,

Nimefika salama. Begi limekaguliwa mara mbili, simu imefungiwa kwenye droo, na kitambaa cha kichwa nimeambiwa nikikung'ute mbele ya mama mmoja mwenye glavu, kana kwamba ningeficha ndani yake mtihani ambao hata haujatungwa. Tuko watunzi sita. Jengo lilikuwa hosteli ya wauguzi. Chumba changu kina kitanda cha chuma, meza, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe mpaka juu, kwa hiyo naona kwamba kumekucha ila sioni kumekuchia wapi.

Sheria ni hizi, nakuandikia usije ukaniuliza yasiyoulizika. Hatutoki mpaka karatasi ya Kiingereza ifanyike nchi nzima, halafu tumalize na mwongozo wa kusahihishia. Chakula tunapitishiwa kwenye kidirisha cha jikoni. Barua zote, zinazotoka na zinazoingia, zinasomwa na bwana mmoja tunayemwita Mkaguzi, ana kalamu nyeusi nene kama kidole gumba. Na katika barua hairuhusiwi hata neno moja la Kiingereza. Mwenzangu mmoja alimwandikia mumewe jina la dawa ya kikohozi ya mtoto, likafutwa. Sasa mume atajijua mwenyewe anunue nini.

Tumesaini pia kwamba hatuna mtoto, wa kuzaa wala wa kulea, atakayefanya mtihani huu mwaka huu. Nilisaini bila kusita, na unajua kwa nini. Binti yako Mkia alishasema yeye na shule basi. Amefeli Kiingereza mara mbili, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho wanayoruhusu, naye hataki hata kuisikia. Mganga hajigangi, ndivyo wanavyonicheka kule ofisini kwa walimu, wanadhani nikisahihisha madaftari masikio yanaziba.

Msalimie. Mwambie afunge na komeo la chini la karakana, si la juu peke yake.

Wako,
Mwalimu


Jumanne, tarehe 13 Agosti

Mwalimu,

Usishtuke kuona mwandiko. Nimechanwa na bati la friji kwenye kiganja cha kulia, daktari kashona na kufunga bandeji kubwa kama mkate. Anayeandika ni Mkia. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinirekebishe. (Nimemrekebisha mara nne. Mkia.) Barua yako pia kanisomea yeye, maana miwani yangu iko pale pale nilipoikalia.

Nyumba imepooza. Si kwamba unapiga kelele sana, ila ulituzoesha. Tulikuwa tukikaa kula, wewe unatoa kituko cha siku: mwanafunzi kaandika hivi akimaanisha vile, neno hili kavalisha nguo za neno lile. Mimi nusu nilikuwa sielewi lakini nilikuwa nacheka, kwa sababu wewe ulikuwa unacheka. Sasa tunakula tukisikiliza friji za watu zikinguruma.

Basi niandikie hizo hadithi za maneno. Hukukatazwa kuandika maana, umekatazwa kuandika Kiingereza. Mimi si mtahiniwa. Nina miaka hamsini na sita na mkono mmoja.

Mumeo,
Fundi

Shikamoo mama. Komeo la chini nalifunga. — Mkia


Jumapili, tarehe 18 Agosti

Fundi,

Pole ya mkono. Nilikwambia tangu mwaka juzi uvae glavu, ukasema glavu ni za madaktari na wezi.

Nilimwuliza Mkaguzi kuhusu hizo hadithi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, Kiswahili ni Kiswahili. Mimi natafuta Kiingereza." Kwa hiyo haya, sogeza kiti.

Sisi tuna neno moja, kuazima. Nimeazima sufuria kwa jirani. Jirani ameniazima sufuria. Mtoaji anaazima, mpokeaji anaazima, na tunaelewana. Wenzetu wana maneno mawili: moja ni la mkono unaotoa, jingine la mkono unaopokea, na kila mwaka wanafunzi wangu wanayageuza, aliyekuja kuomba kalamu anakuwa tajiri wa kalamu. Nikawaambia: kabla hujaandika, jiulize kitu kinakwenda upande gani. Kikitoka kwako, neno la kwanza. Kikija kwako, la pili. Na jirani yetu wa kushoto aliyechukua bisibisi yako akaondoka nayo moja kwa moja, huyo hana neno katika lugha yoyote.

La pili ni kukataa. Mtu akipewa chai akasema sitaki, amekataa. Mtu akiulizwa, wewe ndiye uliyekunywa chai ya mwenzio, akasema si mimi, naye amekataa. Kwao hayo ni mambo mawili kabisa. Wa kwanza anasukuma kikombe, wa pili anasukuma lawama.

Halafu kuna pacha wanaotofautiana kwa herufi moja. Pacha mmoja ni karatasi, bahasha na kalamu, vitu vya dukani vya kuandikia. Mwingine ni kitu kisichosogea, kimesimama pale kilipo. Mimi humu ndani ni wote wawili. Na wapo wengine, wanaoachana mwishoni tu: mmoja ni mkuu wa shule, mwingine ni msimamo wa mtu asiyeyumba. Nimefundisha chini ya wakuu sita na sijapata shida kuwatenganisha hao.

Usiku mwema. Humu taa zinazimwa na wao, si na sisi.

Mwalimu


Jumatatu, tarehe 26 Agosti

Mwalimu,

Nimecheka mpaka mshono ukauma. Habari ya wakuu wa shule nimemsimulia kila mteja, hata asiyekuwa na mtoto. Mkia naye kacheka. Sijamwona akicheka na jambo la Kiingereza tangu awe mtoto wa kubebwa. Alisoma barua yako mara mbili, halafu akaniuliza, "Baba, bisibisi ile ilitoka kwetu au ilikuja kwetu?" Nikamwambia ilitoka. Akasema, "Basi neno la kwanza." Nikamwambia mimi najua tu kwamba haijarudi.

Tuletee nyingine. Friji ya mama wa saluni imekubali kugandisha.

Fundi

Mama, baba anauliza kama kuna la wivu. Na kama kuna njia ya kukumbuka yale ya herufi moja, maana yakikaa karibu yanachanganya. — Mkia


Jumapili, tarehe 1 Septemba

Fundi,

Baba anauliza habari za wivu, ati. Mwambie baba kwamba kuna wivu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mtu anayetamani cha mwenzake: gari la jirani, sauti ya jirani, mtoto wa jirani aliyefaulu. Wa pili ni wa mtu mwenye chake, anayeogopa kunyang'anywa. Wa kwanza anatazama nje ya ua. Wa pili amesimama mlangoni kwake na rungu. Sisi tunawaita wote wawili wenye wivu na kuwaacha wagombane.

Njia ya kukumbuka yale ya herufi moja ipo. Kila neno lina ndugu mdogo aliyejificha ndani yake. Lile la vitu vya kuandikia lina ndani yake herufi ile ile inayoanza neno la bahasha. Kwa hiyo ukiona bahasha, tafuta herufi ya bahasha. Hilo nilimwonyesha Mkaguzi kwanza, akalikodolea macho sana, mwishowe akasema limepita.

La umeme, kwa ajili yako: neno moja linahusu uchumi, mambo ya serikali, biashara na wataalamu wa kwenye runinga. Jingine, lenye mkia mrefu zaidi, ni la kitu kisichokula sana, kama friji ile ndogo unayoisifia. Mkia mrefu, matumizi mafupi. Atakayekumbuka hivyo hakosei tena.

La mwisho siku ya leo. Sisi tunasema mtu yuko peke yake. Wenzetu wanauliza kwanza: yuko peke yake na basi, au yuko peke yake na inamuuma? Kila hali ina neno lake. Nilipokuja nilikuwa na la kwanza. Mwenzangu wa chumba cha tatu alilia jana wakati wa kula, hakuna aliyemuuliza, tuliendelea kutafuna. Hakuna mlango humu tunaoufungua wenyewe isipokuwa wa choo. Siku nzima natazama maneno mpaka yananitazama na mimi. Nikishika kalamu kukuandikia, yanayokuja ni hayo hayo, sina mengine.

Mwambie Mkia swali lake lilikuwa zuri. Najua ni lake. Baba yake tangu lini akauliza wivu.

Mwalimu


Jumatano, tarehe 11 Septemba

Mke wangu,

Bandeji imetoka, leo naandika mwenyewe, kwa hiyo usitegemee nukta mahali pake.

Nataka nikwambie habari za Mkia bila yeye kusoma. Mtoto amebadilika, Mwalimu. Barua zako ameziweka kwenye mfuko wa plastiki na anatembea nazo. Akiwa anafua anazisema kwa moyo, mkono unaotoa, mkono unaopokea, anayesukuma kikombe, anayesukuma lawama. Ameziandika kwenye makaratasi madogo kwa Kiingereza chake na kuyabandika juu ya friji za wateja, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ndiyo bei. Amenunua kalamu mpya tatu. Juzi kaenda kupiga picha ndogo zile za pasipoti, nilipomuuliza akasema za kuombea kazi. Na ameniomba ruhusa Jumatatu ya tarehe kumi na nne mwezi ujao asije karakana, ana safari yake ya siku moja. Nikasema sawa, mimi nani nimkatalie.

Mimi nadhani kuna kijana. Kama ni kijana, basi ni kijana anayejua Kiingereza, na heri yetu. Usimwulize. Nimefurahi tu kwamba mama na mwana mmeanza kuongea, hata kama ni kupitia kwangu.

Mumeo


Jumapili, tarehe 15 Septemba

Fundi,

Barua imefika tangu Alhamisi. Nimefurahi kusikia mkono umepona.

Kazi imekuwa nyingi sana. Hadithi za maneno basi, zimekwisha. Mniwie radhi. Hali yangu nzuri, chakula kinatosha.

Msalimie Mkia.

Mwalimu


Jumapili hiyo hiyo. Hii haipiti kwa Mkaguzi.

Mume wangu,

Ile niliyokutumia leo siyo barua. Barua ni hii, na hutaipata. Naiandika kwa sababu nisipomwambia mtu nitapiga kelele, na humu ukipiga kelele wanaita daktari.

Tarehe kumi na nne Oktoba hakuna kijana. Tarehe kumi na nne Oktoba ni karatasi ya Kiingereza. Picha ndogo ni za kadi ya mtahiniwa wa kujitegemea. Mtoto wetu amejiandikisha. Atakuwa alijiandikisha tangu mwezi wa tatu, dirisha la kujiandikisha lilipokuwa wazi, akatunyamazia sote wawili ili akifaulu atushtukize, na akifeli asituone tukimtazama.

Na mimi unajua wamenipa kutunga nini? Sehemu ya maneno yanayochanganywa. Kila nililokuandikia ndilo nililokuwa nimelitunga siku ile. La kuazima ni swali. La kukataa ni swali. La wivu, la bahasha, la uchumi, la peke yake, yote yamo, hata lile la mkuu wa shule. Nimefungiwa nyuma ya dirisha la chokaa ili maswali yasitoke, nikapekuliwa mpaka kitambaa cha kichwa, na maswali nimeyatoa mimi, kwa mkono wangu, kwa ajili ya kukuchekesha wakati wa kula. Kikulacho ki nguoni mwako. Nchi nzima hakuna mtahiniwa mwingine aliyefundishwa karatasi hii na mtungaji mwenyewe ila mwanangu, na hajui.

Nimefikiria kwenda kwa Mwenyekiti wa kamati niseme. Nikisema, Mkia ataondolewa kwenye orodha, na hii ndiyo mara yake ya tatu. Na wakisoma barua zangu, nani ataamini kwamba nilikuwa naongea na wewe? Watasema nimemvujishia mwanangu, na atafungiwa mitihani maisha yake yote kwa kosa alilofanya mama yake. Kwa hiyo siwezi kusema.

Nimefikiria pia kukaa kimya na kuyaacha yalivyo. Usinihukumu, Fundi, nilikaa na wazo hilo mchana mzima, na lilikuwa tamu. Angefaulu. Angekuja na cheti, ningekitundika sebuleni. Halafu kila nikikitazama ningejua kwamba aliyefaulu ni mimi. Yeye ameshashindwa mara mbili kwa jasho lake. Akishinda mara moja kwa wizi wangu, atakuwa amenyang'anywa hata yale makosa yake.

Kwa hiyo nimebadilisha. Karatasi inakwenda kupigwa chapa wiki ijayo. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba sehemu yangu ni rahisi mno, inatia aibu, naomba niitunge upya. Alinitazama kana kwamba nimepata wazimu ukubwani. Wenzangu wamekasirika, maana nao iliwabidi wakae upya kuipitia. Nimeondoa yote, Fundi. Hakuna hata moja lililobaki. Nimeweka mengine kumi na mawili, mazuri, ya haki, ambayo mtoto yeyote aliyesoma anaweza kuyajibu na ambaye hakusoma hawezi. Sijui kama Mkia anayajua.

Anajua yale. Amefua nguo akiyasema. Katika maisha yake yote hilo ndilo la kwanza alilojifunza kwangu kwa kupenda mwenyewe, na nimelitoa lote kwa mkono huu huu, na siwezi kumwambia. Sitaweza kumwambia hata nikitoka. Cheti cha mtihani kinaweza kufutwa wakati wowote likijulikana jambo kama hili.

Nampenda sana mtoto huyu. Sijui kama nimewahi kumwambia bila kuweka sentensi nyingine nyuma yake.

Naificha hii ndani ya godoro, mpaka nipate pa kuichania.

Mke wako


Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimeambiwa mtihani ukishafanyika barua hazifunguliwi tena, ndiyo maana naandika wazi. Jana nilifanya karatasi ya Kiingereza. Nilijiandikisha tangu Machi, baba hakujua mpaka jana jioni. Nilipokusomea, namaanisha nilipomsomea baba barua yako ya kwanza, pale uliposema umesaini huna mtoto anayefanya mtihani, nilisita, sauti ikakatika, baba akadhani nimepaliwa. Lakini nilikuwa nimeshalipa ada kwa hela yangu ya karakana na nisingepata nafasi nyingine. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nakuomba msamaha kwa hilo.

Lakini nina jambo lingine na nitalisema.

Ulipoanza kuandika yale maneno nilijua ni ya baba. Halafu ukaniambia swali langu lilikuwa zuri na kwamba unajua ni langu. Mama, hujawahi kuniambia swali langu ni zuri. Darasani kwako ukinijibu ulikuwa unatazama ubao. Nikaanza kufikiri labda umejua. Labda unanifundisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele tuliubamiza wote wawili. Nikayashika yote. Sikuwa natafuta majibu ya wizi. Wapo watunzi wengi, sikujua wewe unatunga sehemu gani, na ningeweza kuapa. Nilichotaka ni neno moja tu likutane nami kwenye ile karatasi, ili nijue kwamba ulipokuwa unaandika ulikuwa unanifikiria na mimi.

Halafu ukaacha. Barua moja ya mistari mitano, kazi nyingi, chakula kinatosha. Nikasema labda amechoka.

Jana nilifungua ukurasa wa maneno yanayochanganywa, nikasoma swali la kwanza mpaka la mwisho kabla sijajibu chochote, kama ulivyokuwa unawaambia wanafunzi wako. Hakuna. Hata moja. Sikuamini, nikarudia. Msimamizi akanigonga begani akidhani natazamia kwa mwenzangu. Nilijibu nilivyoweza, kwa akili yangu. Mengine nadhani nimepata. Mengine nilikisia. Nilimaliza nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Ndipo nikaelewa kwamba hukuwa unanifundisha. Ulikuwa unampunguzia baba upweke, na mimi nilikuwa miwani yake tu.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kweli kama unavyowajibu watu wengine. Katika maneno yale yote, lilikuwapo hata moja ulilokuwa unaniandikia mimi?

Kesho kutwa naondoka kwenda kwa shangazi. Kuna kazi ya karani wa ghala, hawaulizi vyeti. Ukitoka Jumamosi hutanikuta. Baba analia lakini anajifanya ni mafua.

Mwanao


(Imebandikwa kwa pini kwenye barua hiyo)

Mwalimu,

Barua hii nimeifungua. Binti ameambiwa vibaya: zinafunguliwa mpaka siku ya geti kufunguliwa.

Naandika hapa kwa mkono wangu kwa sababu barua zako za Agosti na Septemba nilizipitisha mimi, na saini yangu iko juu yake. Leo nimerudi kusoma nakala zake. Nimesoma pia karatasi iliyofanyika. Hakuna swali hata moja linalofanana. Sijui kwa nini, na sitaki kuambiwa.

Kanuni inasema hivi. Mzazi ambaye hakujua kwamba mtoto wake ni mtahiniwa hana kosa, na mtoto wake hana kosa. Mzazi aliyejua akanyamaza ana kosa, na matokeo ya mtoto yanafutwa, iwe sasa au baada ya miaka, hata kama cheti kiko ukutani.

Utataka kumjibu binti. Ni haki yako. Jibu lako nitalisoma, na nakala itabaki kwenye jalada ambalo Mwenyekiti anaweza kulifungua siku yoyote. Likionyesha kwamba ulijua, au kwamba ulimfikiria yeye ulipoandika, sitakuwa na njia ila kulipeleka. Likionyesha kwamba hukujua, mimi nitakuwa nimesoma barua ya mtoto aliyemkasirikia mama yake, na hizo nazisoma kila wiki.

Basi linalobeba barua linaondoka saa kumi. Nitapita mlangoni kwako kabla.

Mkaguzi


Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika.

Nimeshangaa kusikia umefanya mtihani. Sikujua. Hakuna aliyeniambia, wala halikunijia akilini. Ningelijua nisingesaini, na nisingekuwa hapa.

Umefanya vizuri kujibu kwa akili yako. Usijute uliyokisia. Matokeo yakitoka, yatakuwa yako.

Hadithi za maneno niliacha kwa sababu nilichoka. Nilizianza kwa sababu baba yako aliziomba, mkono ukimuuma. Kwamba swali la wivu lilikuwa lako nilijua kwa mwandiko tu, na mwalimu akiona swali zuri anasema ni zuri, hata la mtoto wa jirani.

Nenda kwa shangazi yako. Ana kifua, usimwachie afagie vumbi la asubuhi. Kule kuna baridi kuliko nyumbani, chukua sweta langu la kijivu, liko nyuma ya mlango. Chukua kabisa, usirudishe.

Umeniuliza nikujibu kweli. Katika maneno yale yote, lilikuwapo hata moja lako? Hapana, mwanangu. Yote yalikuwa ya baba yako.

Mama yako